Zulia Lililokataa Chumba

Osmund alipoanguka mara ya pili, Kunegunda alikuwa uani akichambua maharage. Alisikia kishindo, kisha kimya. Akamkuta mumewe chali chumbani, mkeka umeteleza hadi ukutani, na sakafu nyekundu aliyoisugua kwa nta miaka yote inang'aa.

Kiharusi kilikuwa kimemchukua Osmund upande wa kushoto. Huyu ndiye dereva wa lori aliyekuwa akipasua matope ya barabara ya Tunduru masika yote. Sasa alitembelea fimbo, na daktari alishasema: akivunjika nyonga, hainuki tena.

"Niache hapahapa chini, Mama Aurelia," alisema, ulimi mzito. "Kutembea basi."

Tangu hapo aligoma kushuka kitandani. Mgongo ukaanza kutoka vidonda. Kunegunda alimgeuza, akampaka mafuta, akaenda kulilia jikoni.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Songea yalishaanza kujaa vitu vya Dubai. Kunegunda akapima chumba kwa khanga, akaenda nayo kwa Hamisi, muuza mazulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka la kuenea ukuta hadi ukuta. Lisiteleze."

Hamisi akatandaza khanga juu ya mazulia. "Hili dogo litateleza tu. Hili limezidi. La katikati labda mzigo ujao, inshallah."

"Lini?"

"Kwa barabara hii, mama, nikikutajia siku nitakudanganya."

Kunegunda akawaza vidonda vile. Akachukua kubwa.

"Ila usilikate," Hamisi alimwonya. "Litafumuka lote."

Chumbani zulia lilipanda ukutani, mlango ukakwama, na mbele ya kitanda likafanya mkunjo mnene, mahali hasa Osmund angekanyaga. Kunegunda alivuta, akasukuma, akaukalia. Mkunjo ulihama tu. Mwishowe akashika mkasi.

"Kata," Osmund alisema bila kugeuka. "Au acha. Kwangu yote sawa."

Maneno hayo yalimtisha kuliko kishindo cha siku ile. Akautupa mkasi. Akalikunja zulia, akaliburuta hadi sebuleni, akalitandaza. Likaenea kila upande, likatulia.

"Tunahamishia kitanda sebuleni."

"Watu waje wanione nimelazwa kama maiti?"

"Baba Aurelia, ama watu wakuone, ama nikuzike!" Sauti ilimkatika. "Mimi peke yangu siwezi tena."

Jirani yao Jumanne alikuja kubeba kitanda, na mgonjwa akageukia ukuta. Siku zikapita hivyohivyo, wageni wakimsalimia mgongo. Kunegunda akaanza kuamini kwamba zulia nalo halikusaidia kitu.

Asubuhi moja alitoka jikoni na uji, akamkuta amesimama katikati ya sebule, fimbo imezama kwenye zulia, jasho linamtiririka. Alitaka kumkimbilia.

"Usinishike."

Akaganda na bakuli lake. Osmund alivuta mguu, akapumzika, akauvuta tena, akakifikia kiti na kujitupa humo, akilia kwa sauti kama mtoto. Uji ulikuwa ukimwagikia Kunegunda vidoleni na yeye hana habari.

Mkono wa kushoto haukurudi, wala lori hakuliendesha tena. Lakini vidonda vya mgongo vilifunga kabla ya masika, na mtu akipiga hodi, aliyeitikia "karibu" alikuwa Osmund mwenyewe, kutoka kitini.