Damu ya Onchiri

Kemuma alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kupinda na kuvunjika upesi, na tangu utotoni aliishi kwa damu za watu. Akipungukiwa alilazwa, akatundikiwa mfuko, kisha akarudi Isebania kwenye cherehani yake. Hakuwahi kufikiri kwamba mwili ungekuja kuzikataa.

Ulizikatalia katika wodi moja Homa Bay, macho yake yakiwa manjano, pumzi zikimwishia kwa kugeuka tu kitandani. Mniko, mtaalamu wa maabara, alikuja mwenyewe, akavuta kiti.

"Dada, nimepima mifuko yote ya kundi lako. Yote inagandana na damu yako."

"Si kundi ni lile lile?"

"Ni lile lile. Lakini kwenye chembe kuna alama nyingine ndogo ndogo, kila mtu na zake. Umepewa damu za watu wengi, mwili wako umezitambua alama hizo ukazitengenezea kinga. Nikikuwekea hii, kinga itaivunja, na hata hiyo kidogo uliyo nayo inaweza kwenda nayo. Una ndugu wa tumbo moja? Huko ndiko tunakoanzia kutafuta."

Alikuwa naye mmoja. Onchiri, kaka yake, alilima kule Lambwe. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama yao, Onchiri alipotamka mbele ya jamaa kwamba Kemuma ndiye aliyemmaliza mama kwa kumkesheza hospitalini. Hakuna aliyemkanya. Toka hapo Kemuma alijiuguza peke yake, akijipikia uji kabla homa haijapanda, maana ikishapanda hakuna wa kumpikia.

Alimpigia simu, akaeleza kwa pumzi fupi fupi.

"Nakuja," Onchiri akasema.

Alifika alasiri, gambuti zake zina matope ya shamba. Akatolewa damu ya kupimwa, akaja kuketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mvua imewafikia?" Kemuma aliuliza.

"Kidogo. Mahindi yanajikongoja."

Wakaishia hapo. Mniko aliporudi, walimsoma usoni kabla hajasema.

"Nayo imegandana. Kuna alama amerithi yeye, wewe hukuzipata."

Onchiri alitazama pamba iliyobandikwa mkononi mwake. "Nilidhani angalau hii ningekupa," alisema.

Kemuma alitaka kumwambia kwamba damu haikuwa kitu pekee alichomwitia. Alipoyapata maneno, kaka yake alikuwa ameshasimama, akisema ng'ombe hawajakamuliwa. Alimsikia akishuka ngazi, akiburura gambuti.

Daktari alimweka kwenye oksijeni, akampa dawa za kuituliza ile kinga. Siku zilipita, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakiletewa chai na jamaa zao, yeye akigeukia ukutani. Hatimaye mfuko mmoja ulitoka Kisumu, nao haukugandana. Mniko alikaa naye matone ya kwanza yalipoingia.

"Ni ya nani?"

"Haturuhusiwi kujua."

"Ningependa kumshukuru."

"Wote husema hivyo," Mniko akajibu, akimpima mapigo ya mshipa mkononi.

Alipopata nafuu alimpigia Onchiri.

"Mungu ni mwema," kaka yake alisema.

"Ni mwema."

Kila mmoja akamngoja mwenzake aseme lile lililobaki, mpaka Onchiri akamtakia usiku mwema.

Sabato iliyofuata, kanisani Isebania, Mzee Zablon aliwaomba vijana walio tayari kumchangia Dada Kemuma damu siku akihitaji wasimame. Walisimama safu nzima nzima, wakimtabasamia. Pengine hapakuwa na hata mmoja wao ambaye damu yake ingemfaa. Kemuma aliinuka, akawashukuru wote, akaketi tena mwisho wa benchi, akafungua kitabu cha nyimbo.