Pigo la Kinyume

Nagisa Tochihara alikuwa na miaka kumi na tisa alipotoka kwao Okuizumo, milimani, kujiunga na timu ya mpira wa magongo ya kiwanda kimoja cha vipuri huko Gifu. Asubuhi alipanga skrubu kwenye maboksi, mchana akaenda uwanjani. Mbio alikuwa nazo, pumzi alikuwa nazo, na alikuwa na kitu kimoja kilichomkera sana Kocha Kuwabara.

Gongo lina upande mmoja tu ulio bapa. Mpira ukija kushoto, wengi huzunguka ili waupige kwa upande huo bapa. Nagisa hakuzunguka. Aliligeuza gongo, akainama mpaka goti likagusa nyasi bandia, akaufyatua mpira kwa ukingo. Ukimtoka vizuri, kipa alisikia tu ubao wa goli ukilia. Ukimtoka vibaya, uliruka uzio ukaangukia magari ya watu.

"Hapa si kwenye sarakasi!" Kuwabara alimfokea mbele ya wenzake. "Piga hivyo tena kwenye mechi uone. Utakaa benchi mpaka usahau rangi ya jezi yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha."

Kusikia alisikia. Hakusema atatii.

Nahodha, Rikako Asanuma, alimfuata chumba cha kubadilishia nguo huku akifungua bandeji gotini. "Mdogo wangu, una kichwa kigumu wewe! Inamisha tu kichwa, msimu upite."

"Dada, mabeki wa timu ya Shiga wananizidi kimo. Nikizunguka, wananimeza. Nikipiga palepale, wanabaki wanashangaa."

Rikako akacheka. "Basi ukipiga, usikose."

Walipokutana na hao Shiga, kina Nagisa walikuwa nyuma kwa goli moja, muda umekwisha karibu wote, Rikako alipompenyezea mpira ndani ya duara la mbele ya goli, kushoto. Mabeki wawili wakamjia mbio. Kutoka benchi sauti ya Kuwabara ikapasuka: "Zunguka!"

Nagisa akageuza gongo, akapiga. Ubao ukalia.

Wenzake walikuwa bado wamemrukia mgongoni, Kuwabara akamtoa nje. Mechi ikaisha sare.

Kesho yake kocha aliwakusanya wote. "Tochihara, simama uwaombe radhi wenzako."

Nagisa alisimama, akainama sana kama alivyolelewa, akainuka. "Naomba radhi kwa kukaidi agizo. Kwa goli, siombi. Nikiupata mpira pale tena, nitapiga vilevile."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Basi hutaupata," alisema Kuwabara.

Nagisa akakaa benchi mechi moja baada ya nyingine. Alibeba chupa za maji, akawashangilia wenzake mpaka sauti ikakauka, na usiku alilia kidogo, kwa hasira. Lakini kila mazoezi yalipokwisha alibaki uwanjani akipiga. Siku moja Rikako akaja akichechemea. "Haya, nionyeshe hiyo sarakasi yako." Wiki iliyofuata wakaja wengine. Kuwabara aliwaona. Akaingia garini, akaondoka.

Mechi ya mwisho ya msimu, bila bila, kocha akageuka. "Tochihara, pasha misuli."

"Nitapiga, Kocha."

"Nina masikio. Ingia."

Pigo la kwanza liliruka juu ya goli. Nagisa akatazama benchi. Kuwabara alikuwa amekunja mikono, hakumtoa. La pili kipa alilipangua kwa mguu, Rikako akausukumia mpira ndani. Wakashinda.

Majira ya kuchipua Nagisa aliitwa kambi ya vijana wa taifa. Kocha wa kule alimwangalia akipiga, akamuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna," alijibu. "Nilikatazwa tu."