Alama ya Mahudhurio

Utasema hizi ni fiksi. Sawa, sema. Lakini kilichompata nesi Burul ofisini kwa daktari mkuu kilitokea mchana kweupe, na kuna mtu alikuwa anakirekodi kabisa.

Nusu saa kabla ya hapo alikuwa kachuchumaa kwenye korido ya wodi ya mapafu, anabandua selotepu mkononi. Suti yake nyeupe ya kujikinga ilishafuliwa kwa klorini mara tatu, kwapani imepasuka, na mpasuko umezibwa kwa selotepu hiyohiyo. Joto la Julai. Ndani ya glavu jasho limejaa mpaka vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua mablanketi. Nyuma ya mlango, kitanda cha kumi na nne, Sonunbu alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Sonunbu, yule mfagizi anayewatania manesi wote. Jumapili kapiga deki wodi hii. Jumanne kalazwa humohumo.

"Burul!" Akasogeza barakoa ya oksijeni. "Wanasema nina nini?"

"Nimonia, dada."

"Hata mbuzi wa jirani alikuwa na nimonia. Majibu yangu ya puani je?"

"Hayajatoka."

"Yatatoka siku ya arobaini yangu. Niwekeeni pembeni ya pilau." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja kama nguo.

Kila Jumatatu wafanyakazi wote walichomekwa kijiti puani kupimwa korona. Wiki ya tatu sasa, hakuna aliyeambiwa kitu. Walichopata ni ujumbe wa kila asubuhi kutoka kwa daktari mkuu, Sapar Mamytovich, kwenye grupu la hospitali linaloitwa Tuko Pamoja: ua jekundu, kisha "Wapendwa, hali ni shwari, kunyweni chai ya moto."

Burul akavua glavu, akashika simu. Nyumbani kwake kuna binti wa miaka minne na mama mkwe mwenye kisukari, na mama mkwe ameamka na kikohozi. Vumbi tu, kasema mwenyewe. Akaandika: "Sapar Mamytovich, majibu ya vipimo vyetu yako wapi? Sonunbu kazidiwa. Na sisi tunarudi majumbani."

Watu arobaini na moja wakasoma. Mmoja akaweka dole gumba. Akaliondoa. Dakika kumi baadaye grupu likabadilishwa: maadmini tu ndio wanaoruhusiwa kutuma ujumbe. Halafu akapigiwa simu. Panda juu.

"Keti, binti yangu," alisema daktari mkuu. Bi Gulsun wa utumishi alikuwa kasimama kando ya meza, barakoa kaishusha kidevuni, simu mkononi, kamera imeshafunguliwa. "Nani kayatoa maneno yako nje ya grupu?"

"Sijui, Sapar Mamytovich. Mimi nimeuliza majibu tu."

"Umeuliza mbele za watu. Sasa wakubwa wa mkoa wananipigia mimi. Mimi, niliyemwajiri mama yako hapahapa!"

"Ningeuliza wapi?"

"Mlango wangu una kufuli?"

Gulsun akacheka puani. Siku hizo mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Daktari akasukuma karatasi mezani. Imeshachapwa. *Mimi, Burul, niliandika kwa uchovu na kutojua. Naomba radhi. Vifaa vipo. Taarifa zote tunapewa kwa wakati.*

"Unasoma, Gulsun anarekodi, tunapeleka mkoani, yanaisha."

"Na nisiposoma?"

Hakukasirika. Alinyoosha kidole dirishani. Chini uani gari la wagonjwa lilikuwa linanguruma. "Gari la kwenda mjini Osh hilo. Nafasi moja. Kule wana mashine ya kupumulia. Nilitaka aende Sonunbu wenu. Ila bila saini yangu haondoki mtu, na mkono wangu leo mzito."

Burul akaichukua karatasi. Chini yake kulikuwa na nyingine: majina ya wafanyakazi, kila jina na plus au minus. Tarehe ya siku nane nyuma. Sonunbu, plus. Burul, plus.

"Hii plus ni nini?"

Daktari mkuu akaitazama orodha, akamtazama Gulsun.

"Mahudhurio," alisema. "Waliofika kazini."

"Kanykei ana minus. Wiki nzima tumekuwa naye zamu moja."

"Basi karani kakosea."

Gulsun akaivuta barakoa mpaka juu ya pua. Akarudi nyuma hatua mbili. Simu hakuishusha.

Siku nane. Mama mkwe wake si mtu wa kukuacha utoke bila kuonja mkate. Unang'ata kidogo, anayebaki nyumbani anakula kilichobaki ili urudi salama. Asubuhi nane Burul kang'ata, kampa. Na bibi kammegea mjukuu.

"Niruhusu niende nyumbani. Sasa hivi, Sapar Mamytovich, lazima niwaambie wa—"

"Utakwenda. Soma kwanza. Dakika moja tu, binti yangu." Akaikunja orodha, akaifungia kwenye droo. "Na vya ofisini vinabaki ofisini."

Chini, dereva akapiga honi.

"Mimi, Burul," alianza. Akasoma uchovu. Akasoma radhi. Akasoma vifaa, huku selotepu inamning'inia kwapani. Akafika mstari wa mwisho, ule wa taarifa kwa wakati, akaitazama droo.

"Malizia," Gulsun alinong'ona kutoka mlangoni. "Ukikatiza tunaanza upya, na gari haliwezi kungoja."

Sentensi moja. Kitaa chekundu cha kurekodi kinawaka. Daktari mkuu kafungua kalamu, kaiweka ncha juu ya fomu ya Sonunbu, wala haandiki. Anautazama mdomo wa Burul.

Wewe ungeimalizia?