Kiwango cha Chini

Wenzake kazini walimwita Milimita. Alisaga lenzi za miwani kwenye karakana nyuma ya duka la macho, na lenzi ikipotoka kidogo tu, hata mteja mwenyewe asingejua, yeye aliitupa akaanza upya. Mtu wa namna hiyo hutegemei kumkuta kwenye madeni. Kadi ya mkopo aliyopewa na benki ilikaa kwenye pochi yake mwaka mzima bila kuguswa.

Kisha baba yake akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali ikataka fedha kwanza, upasuaji baadaye. Wadogo zake wanne wakaandika kwenye kundi la familia la simu: "Kaka, wewe tangulia, sisi tutachanga." Akatangulia. Kadi ikapitishwa kwenye mashine, mzee akaingizwa ndani, na madaktari wakagundua kuwa moyo wake nao ulikuwa umechoka. Ile michango ikaja kwa wingi kweli: picha za viganja vinavyoomba dua, kundi zima. Fedha hakuna.

Mzee akatoka salama, akahamia kwa mwanawe, akapewa chumba cha watoto. Pacha wakalala sebuleni.

Miaka miwili ikapita. Jumamosi moja asubuhi, mkewe, mwalimu wa chekechea, alitandaza karatasi za benki juu ya meza, akafungua daftari lake la matumizi.

"Baba Pacha, njoo uone kitu. Mwezi uliopita tumelipa ngapi?"

"Kile kiwango cha chini. Laki na sitini."

"Na deni limepungua ngapi?"

Milimita akavaa miwani yake, akafuata mstari kwa kidole. Riba, bima ya kadi, ada ya huduma. Akarudia mara ya pili.

"Elfu kumi."

"Elfu kumi," mkewe akasema. "Na deni ni milioni tatu na ushee. Mimi nafundisha watoto kuhesabu mpaka ishirini, lakini hii hata wao wangelia."

Wakaanza kukata. King'amuzi, kikakatwa. Nyama, mara moja kwa wiki. Nauli ya asubuhi, Milimita akasema atatembea. Viatu vya pacha vikasukumwa hadi muhula ujao. Mama Pacha akafuta na fedha yake ya saluni, kalamu ikatoboa karatasi. Mwisho wa yote walikuwa wamepata kiasi ambacho, kwa hesabu ya Milimita, kingemaliza deni pacha wakiwa na watoto wao.

"Nenda benki," mkewe akasema. "Wana mpango wa nafuu. Nimeuona kwenye bango lao."

Jumatatu akaenda. Afisa wa mikopo alikuwa binti mpole, na Milimita aliona mara moja kuwa lenzi zake hazikukaa katikati ya macho. Lazima kichwa kilimuuma kila jioni. Binti akatazama kompyuta, akatabasamu.

"Hongera, mzee wangu. Hujachelewa kulipa hata mwezi mmoja."

"Ahsante. Sasa huo mpango wa nafuu?"

"Ndiyo shida yenyewe. Mpango ni wa wale walioshindwa kulipa miezi mitatu mfululizo. Wewe mfumo unakuona huna tatizo."

"Kwa hiyo niache kulipa?"

"Mimi sijasema hivyo." Akashusha sauti. "Ukiacha, jina lako linaingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu, na mwajiri wako anaandikiwa barua."

Milimita akashukuru. Hata yeye mwenyewe hakujua anashukuru nini.

Nje ya benki akampigia mdogo wake wa kike, mwenye duka la vipodozi. Alikuwa amepanga kufoka, na maneno ameshayachagua. Lakini dada mtu alipokea huku analia: duka lilikuwa limefungwa wiki iliyotangulia, mwenye nyumba kazuia mali kwa kodi ya miezi mitano. Milimita akasimama juani robo saa akimbembeleza. "Usijali, mdogo wangu, yatapita." Alipokata simu alikuwa hajasema alichopigia.

Nyumbani wakaendelea kukaza mkanda. Baada ya miezi miwili hivi, Mama Pacha alikuwa akitandika kitanda cha mkwewe, akaona miguu ya mzee imevimba kama mikate. Akatafuta pakiti za dawa zake za moyo kwenye kabati. Zilipaswa kuwa zimekwisha siku nyingi. Pakiti mbili zilikuwa hazijafunguliwa.

Milimita akaitwa kutoka kazini.

"Baba, mbona humezi dawa?"

"Nameza. Siku moja naruka, siku moja nameza."

"Nani kakwambia uruke?"

Mzee alikuwa fundi wa kupaka rangi maisha yake yote, na alikuwa na desturi ya kuupapasa ukuta anapoongea. Akaupapasa.

"Kuta za nyumba hii nyembamba, mwanangu. Nasikia. Watoto wamekatwa viatu, mkeo kakatwa nywele, wewe unatembea kwa miguu. Kila mtu humu kakatwa kitu. Mimi tu ndiye sijakatwa."

Milimita akazichukua zile pakiti mbili, akaanza kuhesabu vidonge. Angemwambia deni si lake? Angemwambia fedha ipo? Mama Pacha aligeukia dirishani, akajifanya anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Walikodi gari hadi hospitali. Daktari akasema maji yamejaa mwilini, mzee alazwe siku tano, na dawa zibadilishwe, ziwe za bei ya juu kuliko zile.

Dirishani kwa mhasibu palikuwa na foleni fupi.

"Unalipa taslimu au kadi?"

Milimita alitazama nyuma. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, uso kaugeuzia kwingine, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

"Kadi," akasema.

Mashine ikafikiri kidogo, ikakubali.