Siku Mtani Wangu Alipoombwa Ada

Mimi ni Mngoni. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini, nikasomeshwa na masista, nikapata ukarani katika chama cha ushirika cha korosho, Lindi mjini. Katibu wa chama, Mzee Likwata, alikuwa Mmwera. Mtu wa kusini hapo hahitaji maelezo. Babu zetu walipigana, sisi tukarithi utani, na mtani hakasirikiwi.

"Mngoni, kuku wangu wamepungua wawili," ndivyo alivyonipokea kila asubuhi mbele ya wakulima.

"Babu yako alipomkimbia babu yangu alisahau hata mkeka," namjibu. "Kuku atawalinda nani?"

Ofisi nzima inacheka, kazi inaanza. Shikamoo sikumpa hata siku moja, ingawa alikuwa rika la baba yangu, wala yeye hakuitaka. Nilimpenda mzee yule. Naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kumsema.

Mwaka sabini na nne chuo kimoja cha Dar es Salaam kilitangaza redioni masomo ya biashara kwa watu walio kazini. Unasoma kwa posta, kila mwaka unakwenda darasani wiki sita, na baada ya miaka minne unapata stashahada. Mwajiri alitakiwa kulipa nusu ya ada na kutia saini kwenye fomu. Nusu yangu nilikuwa nayo, nilijinyima miaka miwili kuipata. Tena walitaka watu wasiozidi miaka thelathini, na mimi nilikuwa na ishirini na tisa na miezi. Nikikosa mwaka ule, basi tena.

Nikampelekea Katibu fomu. Kosa langu ni kwamba nilimpelekea asubuhi, saa ya utani, ofisi imejaa watu.

"He! Nimsomeshe adui?" akasema, kalamu tayari mkononi. Akaandika pale pa mwajiri, akagonga na mhuri kabisa, kisha akawasomea wote: "Mwajiri ameridhika. Apelekwe Songea kwa miguu, na kuku aliowaiba wamsindikize."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nikatoka nayo mpaka ghalani, nikakaa nyuma ya magunia nikalia kwa hasira. Ile ndiyo fomu pekee niliyokuwa nayo, mpumbavu mkubwa yule!

Nikaandika barua kuomba nyingine. Ilichukua wiki tatu kufika, na zilipobaki siku kumi na mbili tu fomu zifungwe, Brigita, mpiga taipu wetu, akaniambia, "Wewe mpe shikamoo uone."

"Mtani wangu?"

"Ndiyo maana. Mpe."

Kesho yake nikaingia ofisini kwa Katibu peke yangu, nikafunga mlango. "Shikamoo, Katibu."

Mzee akainuka kitini. "Kuna msiba? Nani amefariki?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kama karani wako, sikuja kama Mngoni." Nikaweka fomu mezani. "Ile uliyoichafua ilikuwa ya kweli. Nilikuwa naomba kweli."

Akaitazama fomu, akanitazama mimi. Nikaona haya zinampanda usoni, lakini sikumwonea huruma. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kila mtu ana pa kusemea neno lake la kweli isipokuwa mimi, maana kila nikifungua mdomo mbele yake, kicheko kinatangulia. Nikamwambia na lile nililoapa kutolisema, la ratiba ya lori.

Ni hivi. Mwaka ule watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki kule mahameni. Lori la chama lilizoea kuanza na vijiji vya karibu, korosho za mbali zikanyeshewa zikaoza. Mimi nilikaa na ramani jikoni kwangu Mtanda, nikapanga safari upya: lori lianzie mbali kabisa, likirudi lichukue za njiani. Mvua ilikuta korosho zote zimo ghalani. Katibu aliupeleka mpango ule mkoani kwa jina lake, akapigiwa makofi.

"Sikuja kukudai sifa," nikamwambia. "Nataka ujue tu kwamba naweza kusoma."

Akaivuta fomu karibu yake, akaisoma yote. Mwisho akasema, "Nitalipeleka kwenye kamati."

Kamati ikakaa Alhamisi, na mwandishi wa muhtasari alikuwa nani kama si mimi? Nilikaa pembeni na daftari, nikiandika habari zangu mwenyewe, bila ruhusa ya kusema.

"Ndugu Mwenyekiti," Katibu akaanza, "naomba chama kimlipie karani wetu nusu ya ada ya masomo ya biashara."

Kicheko kikalipuka. Mjumbe mmoja, Pazi, akapiga meza. "Awarudishe kuku kwanza!"

"Jamani, sitanii."

Wakazidi kucheka, maana kila mtani husema hivyo hivyo. Mwenyekiti, Mzee Tawakali, akajifuta machozi, kisha akawa mtu mzima tena. "Tuache mzaha, Ndugu Katibu. Wewe mwenyewe, miaka minne sasa, unatuambia huyu Mngoni hata lori halijui mbele wala nyuma. Leo tutoe fedha za wakulima tumsomeshe biashara?"

Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Nilipomwita Katibu mwoga, watu walicheka na yeye akabaki kuwa Katibu. Yeye aliponiita mjinga, watu walicheka pia, lakini walikwenda nalo nyumbani. Tulikuwa tumecheza mchezo mmoja, na mimi tu ndiye niliyeumia. Wala hakukusudia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee Likwata akasimama. Akavua kofia yake akaiweka mezani, na kicheko kikafa chenyewe.

"Ratiba ya lori mliyonipongezea, aliyeipanga ni yeye," akasema. "Tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Mimi nilitia saini. Mkoani waliponiuliza, nilisema ni yangu. Nilidanganya."

Nami nikainua kalamu kutoka kwenye daftari. Muhtasari wa kamati ulikuwa unakwenda mkoani kila mwezi, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Ningeweza kuruka mistari ile miwili. Nilikuwa tayari kuiruka, wallahi, na masomo yaende zake.

Akaniona. "Andika, Romana," akasema.

Miaka minne hakuwahi kuniita kwa jina. Nikaandika.

Kamati ikakubali nusu ya ada, kwa sharti nikitumikie chama miaka mitano baada ya kuhitimu. Hata Pazi aliinua mkono. Katibu akatia saini fomu, ikaondoka na basi la kesho yake.

Nilikuwa Dar es Salaam, wiki ya tano ya masomo ya darasani ya mwaka wa kwanza, barua ya Brigita iliponifikia. Mkoa ulikuwa umesoma muhtasari. Mzee Likwata ameondolewa ukatibu, amepelekwa kijijini Miteja kuangalia ghala. Niliisoma nimesimama ukumbini, na mtihani ulikuwa saa nane mchana. Nikaingia, nikaufanya huku macho yakinichoma, nikafaulu.

Watu huniuliza nani alinisomesha. Nami husema chama kililipa nusu, na mimi nusu. Wakitosheka na jibu hilo huwaambia wakae, sijamaliza, kwa sababu Mzee Likwata alilipa kuliko sisi sote.