Mrumi wa Mstari Mmoja

Jumamosi moja ya mwaka 1974, baada ya chakula cha mchana, Kyungu alikuwa barazani kwake Kolwezi akiandika riwaya yake ya Roma. Aliipenda Roma tangu aliposoma Kilatini seminarini. Jinsi maseneta walivyokunja mavazi yao aliijua vizuri kuliko njia ya kwenda Kasaji.

Mtu mmoja akaingia uani, kijani kwa vumbi la shaba, pete ya chuma shingoni. Akaomba maji.

"Mi ni ule mutumwa wa mugodi uliandika asubui," alisema. "Uliniandikia mustari moja tu."

Kyungu akampa kiti na maji, kisha akamuuliza kwa hamu habari za mabafu, za michezo, za hotuba za maseneta.

"Sikufikaka kule, tata. Nilikuwaka chini tu." Mrumi akanywa. "Ata hapa kwenu tuko bengi chini. Kabongo anakusalimia."

Kabongo alikuwa jirani, mchimbaji wa shaba. Shimo la kampuni moja ya kandarasi lilipoporomoka, wakubwa walisema hakuwamo, alikuwa ametorokea Angola. Basi hakuna aliyemchimbua, na ndugu zake wakakataa kumlilia mtoro.

Mke wa Kabongo, Mbombo, alikuwa akitwanga upande wa pili wa ua. Akaweka mchi chini.

"Anaumwa?"

"Mugulu yake iko chini ya jiwe, mama."

Jumatatu Mbombo alimpeleka Mrumi ofisini kwa kampuni, ashuhudie kwamba Kabongo yuko chini. Karani akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kitambulisho cha shahidi. Mrumi hakuwa nacho.

"Citoyenne, hapa tunasikilizaka Bazaïrois, bantu ba Zaïre tu," alisema karani.

Jioni Mbombo akaketi mbele ya Kyungu. "Huyu ulimuandika, akakuja. Uniandikie bwana yangu."

Kyungu akaiacha sura ya maseneta, akaandika wiki nzima. Alijitahidi kukumbuka sauti ya Kabongo na namna alivyokuwa akicheka, lakini mkono wake ulikuwa umezoea Roma. Kabongo alipofika, akichechemea, alikuwa amevaa toga nyeupe ya seneta, upindo begani.

"Nguo inakufaa," Mbombo alisema. Akagusa uso wake. Ulikuwa baridi kama udongo wa chini.

Kesho yake wakaenda ofisini wote wanne. Karani alimtazama Kabongo, akafurahi kwa dhati.

"Si huyu? Hakuna mutu alikufa. Alikuwa Angola, ata nguo ameleta ya kule."

"Mi nilikufa, patron," alisema Kabongo.

"Mufu hasimamake mu bureau," alisema karani, akamwita anayefuata.

Walirudi polepole kwa ajili ya ule mguu. Kyungu alitaka kuomba radhi kwa habari ya nguo, akaishia kuushika upindo wake usiburute vumbini. Nyumbani Mbombo alisonga bukari, akawaandalia wote, pamoja na Mrumi. Kabongo hakula. Alipoaga kurudi chini, Mbombo akampa blanketi mbili.

"Moja ni ya wale wengine kule chini," alisema.