Tunda Lenye Uzi Mwekundu

Msiniambie nitulie. Nilitulia miezi mitatu, nimeinama kwenye kitalu cha utafiti, nikifungua maua ya pamba yetu ya kawaida kabla hayajachanua, nikinyofoa sehemu za kiume, kesho yake nikiyapaka chavua ya pamba mwitu kwa brashi ndogo. Maua mia mbili na kumi! Yote yalipukutika isipokuwa moja tu, likafanya tunda. Nikalifunga uzi mwekundu, na kila asubuhi nikawa naliamkia kama mkwe.

Pamba mwitu ni kichaka cha ovyo, nyuzi zake hazifai hata kujazia mto. Lakini ugonjwa wa mnyauko hauigusi, ndiyo maana tuliitaka damu yake.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, analima ng'ambo ya uzio. Mnyauko ulimmalizia shamba misimu miwili mfululizo. Akaja kuniuliza mbona pamba yake inakufa na lile gugu letu linanawiri, au ndilo linalomwambukizia? Lilikuwa swali la mtu mwenye uchungu. Nikamjibu kwamba akili zake na za jembe lake ni sawa, nikamgeuzia mgongo. Mdomo wangu huu, jamani.

Jumanne saa nne asubuhi akaruka uzio na panga. Pamba ya kawaida aliipita kwa uangalifu, hakuvunja hata tawi; mkulima wa pamba hakati pamba. Alivifyeka vichaka vya pamba mwitu, vyote sita, akamwagia mashina mafuta ya taa, akawasha.

Nilimfikia na jembe. Nilimshushia mpini begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Panga likamtoka, akanirukia kooni kwa mkono uliobaki, tukaanguka, tukabiringishana juu ya matuta ya pamba, mashina yakivunjika chini yetu. Alining'ata sikio hadi likachanika. Nilimtandika ngumi mpaka meno mawili yakamtoka, na sifichi, kila ngumi ilikuwa tamu. Nikamkalia kifuani, goti moja nimelikita ardhini, nikainua mkono tena.

Kitu kikapasuka chini ya goti. Nilidhani ni kidole chake. Nikatazama, nikaona uzi mwekundu.

Nilifukua kwa kucha. Mbegu tano, bado laini, zimepondeka zote, zinatoa maji meupe. Nililia mbele yake bila aibu. Shemeji akatema damu, akauliza ni kitu gani hicho.

"Kilikuwa cha shamba lako," nikamwambia. "Hiki kisingenyauka."

Akageuka kuviangalia vichaka vinavyoungua.

"Sasa mbona hukuniambia siku ile nilipokuuliza?"

Mke wangu naye huniuliza hivyohivyo, kila asubuhi anapotoka kwenda kumfunga kaka yake vifungo vya shati. Mkono wa bega nililomvunja haukuinuka tena.